Jinsi ya kununua vitu vya bendi za rock mnadani ukiwa Dar, Nairobi au popote bila kulizwa (mwongozo kamili)

Wadau, hii nimeandika kwa sababu nimechoka kupokea simu ya aina moja. Mtu ameshinda loti (kitu au fungu la vitu linalouzwa kwa namba moja) kwenye mnada wa Uingereza, nyundo imegongwa kwenye pauni 300, kafurahi kaalika mpaka majirani, kesho yake anaamka anakuta invoisi ya pauni 408 na hapo kitu bado hakijapakiwa hata kwenye boksi. Wiki tatu mbele kinafika bandarini au uwanja wa ndege, forodha nao wanataka chao, jamaa anaanza kutukana dalali. Dalali hana kosa, yote yaliandikwa, sema hakusoma.

Kundi la pili ni wale walionunua saini ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, ambayo Freddie hajawahi hata kuiona. Mi mwenyewe nimo kwenye kundi hilo, nitawaambia huko chini.

Kwahiyo hapa hatuongelei historia ya rock wala nani alikuwa gitaa bora. Ni kazi tu, hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Pasipoti ambayo haijaisha muda, na uthibitisho wa anwani (bili ya umeme au maji, au steitimenti ya benki ya miezi mitatu ya karibuni). Jina lifanane herufi kwa herufi.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje na yenye limiti ya kutosha. Piga simu benki wafungue malipo ya kimataifa, usisubiri siku ya mnada.
- Akaunti inayoweza kutuma pesa nje kwa jina lako wewe mwenyewe.
- Lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10, ndogo unabana kwenye jicho. Bei yake ni ya kawaida kabisa na itakuokolea hela nyingi.
- Daftari. Ndio, daftari la karatasi, utaona kwanini kwenye hatua ya 4.
- Namba ya wakala wa forodha unayemwamini.
- Intaneti ya akiba. Kama unatumia ya nyumbani, weka na bando kwenye simu, maana umeme ukikatika loti yako haisubiri Tanesco.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kwanza, mnada baadaye

Watu wengi wanaingia mnadani kama wanaingia mtumbani, "ngoja nione kuna nini". Mtumbani sawa, ukikosea umepoteza elfu tano. Huku ukizurura utapenda kitu saa mbaya.

Amua: bendi gani, aina gani ya kitu, hela yako mwisho ngapi. Mfano "Queen, programu ya ziara au posta (bango la tangazo) ya shoo, miaka ya 70, jumla isizidi pauni 500 mpaka mlangoni". Hapo unaweza kutafuta.

Alafu jua unaingia soko lipi, kwa sababu yako mawili na hayafanani kabisa. Kuna soko la vitu alivyogusa staa mwenyewe: gitaa, nguo, maneno ya wimbo kwa mkono wake. Hili ni la wenye nazo. Gitaa la Kurt Cobain wa Nirvana la Martin D-18E, lile alilopiga kwenye kipindi cha MTV Unplugged, liliuzwa Juni 2020 na nyumba ya mnada ya Julien's kwa dola milioni 6.01. Sweta lake la kipindi hichohicho liliuzwa dola 137,500 mwaka 2015, likarudi mnadani 2019 likaenda dola 334,000, na halijawahi kufuliwa, lina tundu la sigara na kifungo kimoja hakipo. Kwa mama yangu hilo lingekuwa tambara la kudekia.

Soko la pili ni la vitu vilivyotoka kwenye dunia ya bendi: programu za ziara, vishina vya tiketi, posta, jaketi za mafundi wa jukwaani, pasi za kuingilia nyuma ya jukwaa, sahani za muziki za toleo la kwanza. Huku mtu wa kawaida anaweza kushinda. Anza huku.

Sasa mtego mkubwa uko kwa sisi watu wa pwani. Freddie ni mtoto wa Unguja, kazaliwa 5 Septemba 1946, kwahiyo ukisikia mnada wa vitu vyake damu inachemka. Nyumba ya mnada ya Sotheby's London walipouza vitu vya nyumba yake Septemba 2023 kadirio la kichana chake cha masharubu, cha fedha, cha Tiffany, lilikuwa pauni 400 mpaka 600. Najua watu wawili walioweka pauni 700 pembeni wakijua wanaleta kichana nyumbani. Kiliuzwa pauni 152,400.

Sababu ni kwamba kadirio kwenye mnada wa jina moja kubwa linahesabu kitu (kichana cha fedha kina thamani gani), halihesabu mapenzi. Watu 140,000 walipita kuangalia maonyesho yale kabla ya mauzo, bure, foleni mpaka barabarani. Bangili ya nyoka aliyovaa kwenye video ya Bohemian Rhapsody ilikadiriwa pauni 7,000 mpaka 9,000 ikaishia 698,500. Ila angalia upande wa pili: piano yake ya Yamaha ilikadiriwa milioni 2 mpaka 3, ikaishia pauni 1,742,000 na ada zote ndani. Yani kitu kikubwa kilienda chini ya kadirio, kitu kidogo cha kubana mfukoni kikapaa. Shabiki akibanwa na nafasi na hela anakimbilia kidogo, na mashabiki ni wengi kuliko matajiri wenye sebule ya kuweka piano.

Kwahiyo kama una pauni 500 usiende kwenye mnada wa jina moja. Nenda mnada mchanganyiko wa vitu vya muziki, ambako loti yako iko katikati ya loti nyingine 600 na nusu ya watu wameshachoka. Bonhams, Propstore, Omega na nyumba nyingi za mnada za mikoani Uingereza wanafanya hiyo, Marekani kuna Heritage na Julien's.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema kwa sentensi moja unatafuta nini, na umeona vitu kama hicho angalau vitano vilivyouzwa, na bei iliyolipwa. Bei iliyolipwa, sio kadirio.

## Hatua ya 2: Soma katalogi kama unasoma mkataba wa kiwanja

Kila neno pale limepimwa na mwanasheria. "Ilivaliwa jukwaani" ni ahadi. "Ilikuwa mali ya" ni ahadi nyingine, ndogo zaidi, inaweza kuwa ilikaa kabatini miaka yote. "Ya aina iliyotumiwa na" sio ahadi kabisa, hata shati langu ni la aina iliyotumiwa na mtu fulani. "Inaaminika kuwa" maana yake wao hawaamini vya kutosha kuandika vingine.

Vilevile kwenye saini. "Imesainiwa na" ni ahadi, "ina saini ya" ni ndogo zaidi. Na ukikuta saini haielezwi ilipatikana wapi, lini, na nani, hapo wamekuachia wewe kazi.

Angalia pia alama ndogo pembeni ya namba ya loti, kama msalaba au nyota. Hizo mara nyingi zinahusu kodi na zinaweza kuongeza asilimia kadhaa juu ya bei nzima. Maana yake iko mwisho wa katalogi, kwa herufi ndogo za kuumiza macho.

Kitu kingine ambacho huku kwetu tunapaswa kukijua kuliko wao: pembe za ndovu na mbao zilizolindwa. Piano za zamani nyingi zina vibao vya pembe, na magitaa ya miaka ya 60 na kurudi nyuma yanaweza kuwa na mbao ya rosewood ya Brazil, ambayo iko kwenye orodha kali kabisa ya CITES (mkataba wa dunia wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 1992. Uingereza sheria yao ya pembe ya 2018 ilianza kutumika Juni 2022. Kitu kama hicho bila vibali kikifika uwanja wa ndege, JNIA au JKIA, usinipigie simu mimi.

Onyo: ombeni ripoti ya hali ya kitu kila mara, ni bure, unatuma imeili tu. Uliza maswali matatu: kuna marekebisho gani, kuna nini nyuma, na mnanipa picha zaidi? Nyumba isiyojibu imeshakujibu.

## Hatua ya 3: Kichunguze ukiwa bado hujatoa hela

Hapa ndo wengi tunapoangukia kwahiyo nitakaa kidogo.

Anza na tarehe. Kabla ya kuangalia mwandiko jiulize kama inawezekana. John Bonham wa Led Zeppelin alifariki Septemba 1980, albamu ya Coda ikatoka Novemba 1982. Ukiona Coda ina saini za wote wanne, funga ukurasa. Freddie alifariki 24 Novemba 1991, Made in Heaven ikatoka 1995. Nimeiona ikiuzwa "imesainiwa na Freddie", nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Jalada lenye baakodi ambalo eti limesainiwa na Jimi Hendrix, aliyefariki 1970? Baakodi zilikuja kuzoeleka kwenye majalada ya sahani karibu miaka kumi baadaye. Kalamu za Sharpie zimeanza kuuzwa 1964, kwahiyo Beatles kusaini kwa Sharpie mwaka 1963 ni muujiza.

Hii peke yake, bila utaalamu wowote, inakutolea nusu ya takataka.

Alafu nani alisaini kweli. Mastaa walikuwa na watu. Wakati wa kelele za Beatles, Neil Aspinall na Mal Evans, watu wao wa ziara, walisaini karatasi nyingi sana kwa niaba yao, maana mashabiki walikuwa maelfu na jamaa wamechoka. Karatasi ile ni ya kweli, ni ya 1963 kweli, ilitoka mkononi mwa mtu wa Beatles kweli, na shabiki aliyeipokea hakudanganya hata kidogo anaposema "nilipewa mlango wa nyuma wa ukumbi". Ila saini sio ya John Lennon. Ndo maana hadithi tamu ya bibi aliyekuwepo haitoshi.

Alafu ukoo wa kitu. Kimetoka kwa nani, kikaenda kwa nani, mpaka kikafika hapa. Kama mnavyouliza kiwanja: nani alimuuzia huyu, hati iko wapi. Ukoo mzuri una karatasi: barua, risiti, picha ya staa ameshika kitu chenyewe. Kwa magitaa na nguo wanalinganisha na picha za zamani. Mistari ya mbao ni kama alama za vidole, hakuna magitaa mawili yenye mistari ileile. Gitaa la nyuzi 12 la John Lennon, Framus Hootenanny, lilikutwa darini kwenye nyumba moja Uingereza na mistari ya mbao ndo ilisaidia kulitambua, likauzwa 2024 karibu dola milioni 2.9.

Cheti sio ukoo. Cheti kinachapishwa stesheneri. Kinachojalisha ni nani kasaini cheti, yupo, na anawajibika vipi akikosea. Marekani FBI waliwahi kukamata mtandao mkubwa wa saini feki kwenye ile operesheni yao ya Bullpen, na mzigo mwingi ulikuwa na vyeti vizuri tu. Uliza wataalamu wa bendi hiyohiyo, maana anayejua Beatles sio lazima ajue Queen.

Sasa yangu. Miaka kadhaa nyuma nilishinda picha ya Queen iliyosainiwa na wote wanne, nyumba moja ndogo ya mnada, jina silitaji. Pauni 180 ya nyundo. Nilijua ni bei ya chini mno nikajiambia ni bahati. Ikaja kwa posta, ikachukua wiki sita. Nikaipeleka Kariakoo kutengenezewa fremu, na pale kwa fundi kuna kijana sonara mlango wa pili, nikamwomba lenzi yake nimwonyeshe wino wa Freddie, yani nimringishie. Akaangalia yeye kwanza. Akasema "bro hii ni madoadoa". Nikaangalia. Kweli, saini yote ilikuwa vidoti vidogo vya bluu na vyekundu na vyeusi, ileile ya gazeti. Saini ilichapishwa pamoja na picha. Niliwaandikia wale wa mnada wakanijibu kwa adabu zote kwamba muda wa kulalamika ni siku 14 tangu mnada, na mi siku ya 14 kitu kilikuwa bado angani. Picha ipo chooni mpaka leo.

Kwahiyo omba picha ya karibu kabisa ya saini kabla ya mnada. Wino wa kweli ni mstari unaoendelea, unaona mahali kalamu ilibonyea, pale mstari mmoja ulipopita juu ya mwingine, pengine kung'aa kidogo. Vidoti ni chapa. Mstari wenye unene mmoja mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, unaotetemeka kwenye kona, mtu aliunakili pole pole. Saini ya staa ni ya haraka, alishasaini 200 siku ile.

Posta nazo ni hivohivo. Posta ya zamani iliyonakiliwa kwa skana, ukiweka lenzi kwenye sehemu ya rangi moja tupu unakuta vidoti ambavyo orijino haina. Pima na saizi: nakala mara nyingi imepungua au kuongezeka milimita kadhaa.

Umefanikiwa kama: umeandika kwenye daftari sababu tatu za kuamini, na hakuna hata moja inayoanza na "inaonekana".

## Hatua ya 4: Piga hesabu kwa kurudi nyuma

Bei inayotangazwa nyundo ikigongwa sio unayolipa. Juu yake kuna komisheni ya mnunuzi, kwa nyumba nyingi asilimia 20 mpaka 30. Wa kichana wale: 152,400 gawanya kwa 1.27 unapata 120,000 kamili. Hiyo ndo nyundo, na 27 kwa mia ni ya nyumba. Ukigawanya na bangili hivohivo inatoka 550,000. Magazeti yanakuandikia bei yenye ada, dalali anakutajia isiyo na ada, na wewe katikati unachanganyikiwa.

Chukua daftari. Mfano wetu, nyundo pauni 300:

Komisheni asilimia 25 ni 75. Kodi ya VAT ya Uingereza juu ya komisheni, asilimia 20, ni 15. Kama umepitia jukwaa la mtandaoni kama the-saleroom badala ya tovuti ya nyumba yenyewe, wanaongeza asilimia kadhaa, tuseme 5, ni 15 na VAT yake 3. Jumla 408.

Usafiri na bima, weka 60. Tumefika 468.

Huku nyumbani: ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, hiyo ni 117. Alafu VAT juu ya vyote, Tanzania bara 18 kwa mia, ni 105 na senti (Kenya ni 16). Jumla pauni 690. Na bado kuna tozo ndogondogo za reli na kadhalika na chai ya wakala, na kiwango kinategemea kitu kimeingizwa kundi gani kwahiyo muulize wakala wako kabla.

Mia tatu imekuwa mia saba. Rudia kusoma hapo.

Sasa geuza. Una pauni 500 mwisho wa yote? 500 gawanya kwa 1.475 (ndo ushuru na VAT pamoja) unapata 339. Toa usafiri 60, inabaki 279. Gawanya kwa 1.36 (komisheni na wenzake). Unapata 205. Dau lako la mwisho ni 200. Liandike kwa kalamu ya wino, lizungushie duara, weka na tarehe.

Kwanini daftari? Kwa sababu ukiandika kwenye simu utaifuta. Nimefuta.

Ujanja mdogo: watu wengi wanaishia kwenye namba za duara, 200, 500, 1,000. Hatua moja juu yake, mfano 220, inashinda mara nyingi kuliko unavyodhani. Ila 220 inataka jumla ya pauni 530, kwahiyo kama unazo hizo 30 za ziada amua leo, ukiwa umekaa na chai yako.

## Hatua ya 5: Jisajili mapema

Siku tano kabla, sio usiku wa kuamkia. Wanakagua pasipoti na anwani, na kwa mtu wa nje mara nyingine wanazuia kiasi kwenye kadi au kuomba amana. Anwani zetu za "karibu na msikiti, nyumba ya geti jeusi" zinawachanganya, tumia iliyo kwenye steitimenti ya benki.

Kama unaweza, jisajili kwenye tovuti ya nyumba yenyewe, unaokoa ile asilimia ya jukwaa.

Onyo kubwa: aliyejisajili ndo alipe. Usijisajili wewe alafu binamu yako wa Leicester alipe kwa kadi yake, nyumba kubwa zinakataa malipo ya mtu wa tatu kwa sababu ya sheria za utakatishaji fedha, na muda wa kulipa unazidi kwenda. Kama binamu ndo mwenye hela, ajisajili binamu, apige dau binamu.

## Hatua ya 6: Siku ya mnada

Kwanza saa. Kiangazi (mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba) tuko mbele ya London kwa masaa mawili, miezi mingine matatu. Mnada wa saa 4 asubuhi London mwezi Julai, kwetu ni saa 6 mchana. Wa Los Angeles saa 4 asubuhi mwezi huohuo ni saa 2 usiku kwetu. Kuna mtu alikosa loti kwa sababu alisoma "10" akaingia saa kumi jioni, Kiswahili kikamponza.

Pili, loti yako haianzi saa ya kuanza. Dalali wa kawaida anapitisha loti 80 mpaka 100 kwa saa. Loti ya 450 ni masaa kama matano baadaye. Ila ingia nusu saa kabla, maana zikipita loti zisizo na wateja anakimbia.

Una njia mbili za kupiga dau. Live, unabonyeza mwenyewe. Au unaacha dau lako la mwisho mapema na nyumba inakupigia, inapanda pale tu anapotokea mpinzani. Kwa anayeanza mi nashauri kuacha dau. Intaneti haikuhusu, na muhimu zaidi, mkono wako uko mbali na kitufe. Ile hali ya kumwona dalali anakuangalia kwenye skrini anasema "mara ya mwisho" na wewe unajua ni kubonyeza tu mara moja zaidi… nimeona watu wazima wenye ada za shule za kulipa wanabonyeza mara nne.

Ukiwa live basi: usiingie loti ikifunguliwa, subiri mwendo upungue wabaki wawili. Duara la daftari likifika, toa mkono. Na jua kuna bei ya siri ya muuzaji, kwahiyo dalali anaweza kupandisha kwa niaba yake mpaka hapo hata kama hakuna mtu mwingine. Ni halali.

Minada ya mtandaoni yenye saa inayohesabu, usitegee sekunde ya mwisho. Nyingi zikipigwa dau dakika za mwisho muda unaongezeka wenyewe.

Umefanikiwa kama: umeshinda kwa dau lako au chini yake, AU umeshindwa na hujavuka duara. Ya pili nayo ni mafanikio kabisa, programu ya ziara itatokea tena mwezi ujao.

Nyundo ikigongwa umeshanunua, ni mkataba. Ukisema "nilikuwa natesti" wanakufungia, na jina lako linazunguka.

## Hatua ya 7: Kulipa

Kawaida una siku chache tu, nyingi ni tano mpaka saba, baada ya hapo wanaanza kukutoza stoo.

Invoisi ikija, hakikisha kila mstari na daftari lako. Alafu, tafadhali, ikija imeili nyingine inasema "akaunti yetu imebadilika", usilipe. Piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, sio iliyo kwenye imeili. Wezi wanapenda sana wiki ya baada ya mnada. Na benki yako itakata ada ya kutuma na ya benki ya katikati, mwambie karani ada zote ziwe juu yako, isije ikafika pungufu pauni 12 kitu kikashikiliwa.

## Hatua ya 8: Kusafirisha

Nyumba nyingi hazipaki, zinakupa majina ya wapakiaji. Omba bei kwa wawili, na omba kabla ya mnada.

Posta isafiri imeviringishwa kwenye bomba gumu, sio imekunjwa mara nne. Kitu chenye fremu ya kioo, waambie watoe kioo, kioo kikivunjika kinakata karatasi. Bima iwe ya bei yote uliyolipa.

Tamko la forodha liandikwe bei ya kweli. Kuna wajanja watakushauri waandike "zawadi, pauni 20". Kikipotea bima inalipa pauni 20, na ukikamatwa una kesi. Mpe wakala invoisi na picha ya kitu mapema, mwambie ni karatasi ya mkusanyaji au nguo ya zamani, ili kisiingizwe kundi lisilo lake.

## Hatua ya 9: Kimefika

Rekodi video ukifungua, boksi likiwa na lakiri zake, bila kukatisha video. Lenzi jichoni siku hiyohiyo. Kuna shida, andika siku hiyohiyo, sio baada ya sikukuu. Na jifunze kwangu, soma mapema muda wa malalamiko unahesabiwa tangu lini. Ukiwa mfupi, mlipe mtu aliyeko kule akikague kabla hakijapanda ndege.

Kukitunza, pwani ina maadui watatu: unyevu, jua na mende. Karatasi iingie kwenye mfuko wa poliesta, sio ile plastiki laini ya PVC inayonata. Weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, badilisha kila mvua zikianza. Usitundike ukuta unaopigwa na jua la mchana, saini ya kalamu ya felti inapauka ukiwa unaiangalia. Nguo usifue. Hata kama inanuka jasho, hasa kama inanuka jasho.

Na usipeleke stesheneri kulaminate. Najua cheti cha kidato cha nne ulilaminate, kiko salama mpaka leo, lakini lile joto na gundi havitoki tena. Jamaa mmoja wa Tanga alinitumia picha ya tiketi yake ya shoo ya uwanja wa Wembley, London, 1986, orijino kabisa, ukoo wake mzuri, kailaminate vizuri, kona zimekatwa duara, na kaitoboa tundu juu ya kuningʼinizia.